Sasisho jipya la kinanda: liweke leo, lisubiri, au baki ulipo?

Ukipiga kinanda harusini Lamu, au una kijistudio Malindi cha kurekodi chakacha na biti za vijana, swali hili lishakufika. Kampuni imetoa famuwea mpya. Mwenzako ameiweka na anaisifu. Mwengine anaapa imemharibia kazi. Na wewe Ijumaa una shughuli.

Famuwea ndiyo programu inayokaa ndani ya chombo na kukiendesha: inasoma vitufe, inazalisha sauti, inaandika kwenye skrini. Zamani ilikuwa haibadiliki ovyo. Vinanda kama Yamaha DX7 ya 1983 au Korg M1 ya 1988 vilikuwa na programu iliyochomwa kwenye chipu, na kupata toleo jipya kulimaanisha fundi afungue mashine, ang'oe chipu na kuchomeka nyingine. Aliyekuwa mbali na fundi wa namna hiyo alipiga alichonunua mpaka kikachoka. Siku hizi faili inakuja kwa bando la simu, na uamuzi ni wako.

Njia ziko tatu: kuweka sasisho siku linapotoka, kusubiri wenzako wajaribu kwanza, au kubaki na toleo ulilonalo. Nitazipima zote kwa vigezo vilevile. Mshindi wa jumla hayupo, kwa sababu mpiga taarabu na mtengeneza biti wanaweza kununua chombo kilekile na bado kila mmoja akahitaji jibu lake.

Vigezo vya kupimia

*Unachopata.* Sasisho hubeba mambo mawili: marekebisho ya hitilafu na uwezo mpya. Usiyachanganye. Kama kinanda chako huganda ukibadilisha staili (mdundo wa kusindikiza unaojipiga wenyewe) katikati ya wimbo, na maelezo ya toleo jipya yanataja tatizo hilohilo, hiyo ni sababu nzito. Kama yanataja sauti za sinthi ambazo hutazigusa maisha yako yote, sababu ni nyepesi hata likisifiwa vipi.

*Kazi iliyomo ndani.* Kwa mpiga kinanda wa huku, mali yenyewe ni staili alizozitengeneza kwa usiku mwingi, sampuli za ngoma, yaani sauti zilizorekodiwa, na hasa skeli, yaani mpangilio wa noti za wimbo. Rasti na bayati ni skeli za muziki wa Kiarabu: rasti ikianzia C inataka E na B zishushwe senti 50, yaani robo toni, na bayati ikianzia D inataka hasa E, na mpigaji huwa ameshaihifadhi mipangilio hiyo ili aiite kwa kubonyeza mara moja huku mkono wa kulia ukiendelea. Baadhi ya masasisho hayagusi chochote cha mtumiaji. Mengine yanakirudisha chombo kama kilivyotoka kiwandani.

*Njia ya kurudi.* Ukijuta, utaweza kuweka toleo la zamani? Vyombo vingine vinakubali, vingine vinaikataa faili ya zamani kabisa. Na hata chombo kikikubali, kazi uliyoihifadhi kwenye toleo jipya huenda isifunguke kwenye la zamani.

*Stima, data na muda.* Chombo kinaposasishwa hufuta sehemu ya kumbukumbu yake na kuiandika upya. Stima ikikatika hapo katikati, kinabaki na programu nusu. Vyombo vingi vya sasa vina sehemu ndogo ya kuanzishia isiyofutwa, na kupitia hiyo unajaribu tena. Visivyo nayo huishia kwa fundi. Lamu inapata umeme wa gridi ya taifa kwa laini ndefu inayotoka Rabai kupitia Malindi na Garsen, na sote tunakumbuka Agosti 2023, sehemu kubwa ya nchi ilipozimika kwa pamoja. Kwa hiyo kigezo hiki huku kwetu si cha kupuuzwa kama kinavyoweza kupuuzwa na mtu wa Tokyo.

Kuweka siku linapotoka

*Unachopata.* Wakati mwengine unapata mengi, na bure. Arturia MicroFreak, kinanda kidogo cha sinthi, ilitoka 2019, na toleo la 5 la famuwea yake, lililokuja 2023, likaipa uwezo wa kupiga sampuli. Yamaha Montage ya 2016 ilifikia toleo la 3.0 mwaka 2019, na wenye chombo hawakuongeza hata shilingi. Faida nyengine haisemwi sana: anayetuma malalamiko mapema husikilizwa zaidi. Wahandisi bado wana kazi hiyo mezani, na hitilafu iliyoelezwa vizuri wiki ya kwanza ina nafasi nzuri ya kuingia kwenye marekebisho yanayofuata.

*Kazi iliyomo ndani.* Hapa ndipo penye hatari. Toleo la namba nzima, linaloruka kutoka 2 kwenda 3, hubadilisha mengi kuliko lile la nukta, kama 2.1 kwenda 2.2. Mfano ulio wazi ni Akai MPC, mashine ya kutengenezea biti. Toleo la 3 lilianza kutolewa kwa majaribio ya umma mwishoni mwa 2024, likabadilisha namna ya kupanga wimbo mzima. Waliotaka kupanga wimbo kwa mstari, mwanzo hadi mwisho, walilipokea kwa mikono miwili. Waliozoea mpangilio wa zamani walilazimika kujifunza upya. Na projekti uliyoihifadhi kwenye toleo la 3 haifunguki kwenye la 2, kwa hiyo aliyehamisha kazi zake zote siku ile alikuwa amevuka mto na kuivuta ngalawa juu.

*Njia ya kurudi.* Hujui bado, wala wenzako hawajui. Utakuwa wewe wa kuwaambia.

*Stima, data na muda.* Unahitaji vyote, tena kwa wakati ambao hukuuchagua.

*Inamfaa nani.* Mwenye chombo cha pili. Mwenye studio asiye na mteja wiki hiyo. Na mwenye hitilafu inayomtesa sasa hivi, ambayo maelezo ya sasisho yanaitaja kwa jina. Huyo hana cha kusubiri.

Kusubiri wenzako wajaribu

*Unachopata.* Yaleyale, ila yamechelewa, na mara nyingi yakiwa yameshapigwa pasi: kama toleo la kwanza lilikuwa na kasoro, wewe unaweka lile la nukta lililofuata.

*Kazi iliyomo ndani.* Unajua mapema kitakachofutwa, kwa sababu kuna aliyekwisha kulia. Lakini kujua huko kuna thamani tu kama anayelia anapiga unachopiga wewe. Nitarudi hapa, maana ndipo watu wengi wanapopotea.

*Njia ya kurudi.* Kuna aliyejaribu kurudi, na amesema kilichotokea.

*Stima, data na muda.* Unachagua mwenyewe. Kwa wapiga harusi kalenda yetu ina dirisha zuri: Shaaban shughuli hufuatana, Ramadhani vinanda hutulia, kisha baada ya Idi mambo yanaanza tena. Wiki ya kwanza ya Ramadhani inafaa sana, kwa kuwa una takriban mwezi mzima wa kuzoea toleo jipya kabla hujaketi mbele ya watu. Wapigaji wa hoteli za Malindi na Watamu kalenda yao ni nyengine. Wageni hupungua Aprili hadi Juni, lakini hiyo ndiyo miezi ya masika, na mvua kubwa na stima hawapatani. Dirisha mnalo, ila msilifungue bila UPS, ile betri ya akiba inayoshika stima ikikatika.

*Inamfaa nani.* Wengi wetu. Kasoro yake ni kwamba kusubiri kunageuka mazoea. Mtu anasema atasubiri wiki mbili, miaka miwili inapita, na hitilafu iliyokwisha tibiwa bado inamkera kila Jumamosi.

Kubaki na toleo ulilonalo

*Unachopata.* Utulivu. Unajua kila kitufe kilipo hata gizani, na unajua kinanda kinachukua muda gani kuwaka stima ikirudi. Watu husema huku ni kuogopa teknolojia. Mimi sikubali. Anayetegemea chombo kimoja kulipa kodi na ada ya shule, na chombo hicho hakimsumbui, ana hoja kamili.

*Kazi iliyomo ndani.* Iko salama dhidi ya sasisho, lakini haiko salama dhidi ya mengine. Kinanda kinaweza kuanguka kwenye boti ya Mokowe, au kuibiwa. Asiyesasisha naye anahitaji nakala ya akiba.

*Njia ya kurudi.* Haihusiki. Ila kuna upande wake wa pili: baadhi ya programu za kompyuta za kuhamishia staili na sampuli huacha kuzungumza na matoleo ya zamani sana. Ukifika hapo, itabidi uruke matoleo kadhaa kwa mkupuo.

*Stima, data na muda.* Huhitaji chochote.

*Inamfaa nani.* Mwenye kinanda kimoja kinachofanya kazi, ambaye hakuna kitu kwenye orodha ya sasisho alichowahi kukihitaji.

Maoni ya wenzako: yapi ya kuyashika

Kuna kisa kinachosimuliwa Langoni, mtaa wa Lamu. Kijana aliuliza wenzake kuhusu sasisho la kinanda chake, akaambiwa na watu chungu nzima kwamba ni zuri, halina shida. Akaweka. Akajaribu nyumbani: staili zinapiga, sauti safi, kinawaka haraka kuliko zamani. Usiku wa shughuli nyimbo za mwanzo zilikwenda sawa. Ulipoingia wimbo wa bayati, akabonyeza kitufe chake cha skeli, na E ikabaki palepale, imenyooka kama ya piano. Mzee wa udi akamwinamia: "Mwanangu, hiyo E mbona iko juu?" Kumbukumbu zote za skeli zilikuwa zimerudi kiwandani. Ikabidi aingie kwenye ukurasa wa mipangilio, ashushe noti moja moja huku mwimbaji akirefusha utangulizi.

Waliomshauri hawakusema uongo. Walipiga pop na muziki wa kanisa, na katika kazi hizo hakuna anayegusa robo toni. Hawakuwa na namna ya kuliona tatizo. Kwa hiyo unapouliza, uliza swali lenye meno. "Sasisho liko vipi?" utajibiwa "poa". Uliza: "Skeli ulizohifadhi zilibaki? Staili zako mwenyewe zilibaki? Umepigia shughuli ya saa nne mfululizo, au umeijaribu sebuleni tu?"

Tazama pia chombo chenyewe. Jina la mbele likifanana haimaanishi ni kimoja. Korg waliuza Pa600 na pia Pa600QT, iliyotengenezwa kwa ajili ya robo toni, na Yamaha walitoa PSR-A5000 ya soko la muziki wa Kiarabu pembeni ya PSR-SX900. Kinanda kilichokuja na jamaa kutoka Dubai au Muscat kinaweza kuwa aina ya soko la huko. Soma kibandiko cha chini, herufi kwa herufi, kabla hujafuata ushauri wa mtu mwenye aina nyengine.

Malalamiko nayo yana daraja. "Imeharibika, kampuni hii haifai" ni hasira, na hasira haikupi la kufanya. "Nikiwa na flashi imechomekwa, nikibadilisha staili wakati utangulizi unaendelea, sauti inakatika kidogo" ni ushahidi, kwa sababu unaweza kujiuliza kama wewe hufanya hivyo. Ukiona watu watatu wasiojuana wanataja hatua zilezile, tatizo lipo.

Kuna malalamiko ya aina nyengine ambayo si hitilafu: kitufe kimehamishwa, menyu imepangwa upya. Wahandisi huyaona madogo. Kwa anayepiga uani usiku chini ya taa moja ya rangi, menyu kuhama si jambo dogo, na ana haki ya kusema.

Na kumbuka aliyeridhika hana sababu ya kuandika. Anawasha, anapiga, anazima. Ukihesabu sauti tu, kila sasisho litaonekana baya.

Ukiwa wewe ndiye wa kutoa maoni, wape wenzako vitu vinne: aina kamili ya chombo, namba ya toleo ulilotoka na ulilohamia, hatua ulizofuata, na kilichotokea. Video fupi ya simu inayoonyesha skrini inashinda maelezo marefu.

Ukiamua kuweka

Hapa ni haraka tu, maana kitabu cha chombo kina hatua zake. Hifadhi kazi zako kwanza. Vinanda vya Korg Pa huhifadhi data ya mtumiaji kwenye folda zenye mwisho wa .SET, na vya Yamaha vya PSR-SX vina faili ya akiba yenye mwisho wa .BUP. Picha za simu za kurasa za skeli nazo zinasaidia, kwa sababu ukishindwa na faili utaweza kuandika upya kwa mkono. Pakua sasisho kwenye tovuti ya kampuni, si kutoka kwa flashi ya rafiki. Flashi yenyewe iwe ndogo na iwe ya FAT32 (namna ya kupanga faili ambayo vinanda vingi huisoma), kwa kuwa zile kubwa za zaidi ya GB 32 huja na mpangilio ambao vinanda vingi haviusomi, na mtu akalaumu faili bure.

Chomeka kwenye UPS. Ile ndogo ya kompyuta inatosha, kwani kinanda hula umeme kidogo kuliko kompyuta ya mezani. Na wenye Korg volca, vile visanduku vidogo vya muziki, wana vituko vyao: vingi vyake husasishwa kwa sauti. Unapiga faili kutoka kwenye simu kuingia tundu la SYNC IN, inalia kama mashine ya faksi, na ujumbe mmoja wa WhatsApp ukilia katikati, umeharibu. Weka simu hali ya ndege kwanza.

Kwa hali yako

Una shughuli ndani ya wiki hii: usiguse, hata sasisho likiwa la maajabu. Hilo nalisema bila kupima pande mbili.

Una hitilafu inayojirudia, na sasisho linaitaja: hifadhi, tafuta UPS, weka. Kisha piga nyimbo zako zote nyumbani, za robo toni zikiwa za kwanza, kwa muda mrefu kama wa shughuli halisi.

Una studio na projekti za wateja hazijakamilika: maliza hizo kwenye toleo la sasa, ndipo uhame. Ukiwa na MPC, weka nakala za projekti za toleo la 2 mahali pake peke yake, na usizihifadhi juu ya zilezile baada ya kuhama.

Unapiga hotelini kwa mkataba wa msimu: subiri wageni wapungue, na chagua siku isiyo na mawingu.

Unaanza tu, chombo ni kipya na hakina kazi yako yoyote ndani: weka toleo la karibuni lililotulia leo hii, kabla hujahifadhi staili hata moja. Hutapata tena siku ambayo huna cha kupoteza.

Una kinanda cha mtumba ambacho kampuni imeacha kukitengenezea masasisho: angalia kina toleo gani. Kama si la mwisho, soma walilosema waliolitumia kwa miaka, maana hapo maoni yameshakomaa na ubishi umekwisha. Likikufaa, liweke mara moja, kisha hifadhi faili hiyo pamoja na nakala ya kazi zako kwenye flashi mbili. Moja ibaki nyumbani, nyengine ikae kwenye begi la kinanda pamoja na waya wa akiba, kwa sababu tovuti za vyombo vya zamani hufungwa na faili ikishatoweka utaanza kuisaka kwa watu.